Sukari ya Mwaka na Sukari ya Mwezi wa Pili: Niliyojifunza Shambani na Dukani

Kila mwaka bajeti ya kilimo inaposomwa bungeni Dodoma, kuna kipande kimoja ninachokisikiliza nikiwa nimeacha kazi zote: tani za sukari zilizozalishwa nchini. Ninauza sukari. Nina duka Kihonda, Morogoro mjini, na hakuna bidhaa inayonigombanisha na wateja wangu kama hiyo. Tena mama yangu alilima miwa katika bonde la Kilombero, upande wa Kidodi, na shamba lile leo tunaliendesha mimi na mdogo wangu. Kwa hiyo takwimu ile ya bungeni naisikia kwa masikio mawili, moja la mkulima na jingine la muuza duka, na mara nyingi masikio hayo hayakubaliani.

Hayakubaliani kwa sababu tani za mwaka mzima zinaweza kupanda, na bado mwezi wa pili nikafungua duka bila punje ya sukari. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Wateja hudhani kuna mtu anadanganya: ama serikali imetaja takwimu za uongo, ama sisi wenye maduka tumeficha mzigo. Wafichaji wapo, sikatai. Lakini miaka niliyokaa kati ya shamba na duka imenifundisha kwamba sukari ya nchi hii inaamuliwa na mambo mawili ambayo jumla ya mwaka haiyaonyeshi: siku ambazo viwanda vimeweza kusaga, na utamu uliokuwamo ndani ya muwa siku ulipokatwa. Yote mawili yako mikononi mwa mvua na barabara kuliko tunavyopenda kukiri.

Nianze na muwa wenyewe, maana asiyeujua muwa hawezi kuijua bei ya sukari. Muwa unakaa shambani karibu mwaka mzima. Unakua kwa mvua na joto, lakini sukari unaiweka wakati wa kiangazi, udongo unapokauka na usiku unapokuwa na ubaridi. Hapo ukuaji unapungua na utamu unapanda ndani ya shina. Mvua ikirudi, muwa unaanza kukua tena na kuitumia sukari uliyoihifadhi. Ndiyo maana viwanda vyetu vingi husaga kuanzia kama mwezi wa sita hadi wa pili au wa tatu, kisha hufungwa wakati wa masika ili mitambo ifanyiwe matengenezo. Ukishakata muwa, saa zinaanza kuhesabika. Sukari iliyomo inaanza kugeuka kuwa aina nyingine isiyoganda kuwa chembe, na muwa uliochomwa moto kabla ya kukatwa unaharibika upesi zaidi. Siku mbili juani tayari ni hasara. Siku nne, unapeleka mizani uzito tu.

Mkulima halipwi kwa uzito peke yake. Analipwa kwa uzito na kwa sukrosi, yaani kiwango cha sukari kilichopimwa ndani ya miwa yake. Mama alikuwa anaikunjua karatasi ya malipo na kidole chake kinakwenda kwanza kwenye sukrosi, kabla hata ya tani. Mimi nilikuwa nikimsomea jumla ya fedha, yeye ananikatiza: "Sukrosi ngapi, mwanangu?" Hesabu yake ilikuwa sahihi. Chukua ekari moja iliyotoa tani 20 za miwa. Kiwanda kikipata sukari asilimia 11 ya uzito huo, ekari ile imetoa mifuko 44 ya kilo 50. Kikipata asilimia 8, ni mifuko 32. Shamba ni lile lile, mbolea ile ile, wakata miwa wale wale, lakini mifuko 12 imepotea bila mtu kuiba hata fungu moja la miwa. Zidisha hilo kwa bonde zima, kisha kwa nchi nzima, ndipo utaelewa jinsi mwaka mmoja wa mvua mbaya unavyoweza kuishusha takwimu ya taifa bila ekari hata moja kung'olewa.

Historia ya sukari kwetu ni ndefu kuliko viwanda. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika karne ya 19, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sukari ya kiwanda kikubwa ilikuja miaka ya 1930 pale Arusha Chini, kusini ya Moshi, kwa mtaji wa Wadenmaki walioanzisha kampuni ya TPC. Kilombero na Mtibwa vikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na reli ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ilijengwa miaka hiyo hiyo. Kagera nayo ilipata kiwanda, lakini vita ya 1978 ikakikuta. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia, kiwanda kiliporwa na kuharibiwa, na mkoa ule ulichukua miaka mingi kurudi kwenye uzalishaji wa maana.

Mimi nimezikuta habari za sukari katika miaka mibaya kuliko yote. Mwaka 1983 nilikuwa mtoto wa shule, na sukari ilikuwa kitu cha foleni. Ilikuja kwa mgao kupitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na duka la kijiji, kilo moja au mbili kwa kaya, na jina lako lazima liwe kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi. Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walikuwa wakitupa bidhaa porini usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Kwetu sisi wa bondeni kulikuwa na jambo lililonichanganya sana akili. Tulikuwa tunaishi katikati ya miwa. Moshi wa boila tuliuona kila asubuhi. Halafu nyumbani tunakunywa chai kwa sukari guru, au chai isiyo na sukari kabisa na kiazi kitamu pembeni.

Mjomba wangu ndiye aliyenieleza, na maelezo yake yamekaa nami hadi leo. Alikuwa fundi wa boila. Alisema miwa ipo, watu wapo, mitambo ipo, ila mtambo mmoja ukivunjika kipuri kinatoka nje na fedha za kigeni hazipo. Basi kiwanda kinasimama. Kikisimama, miwa iliyokwisha kukatwa inachacha. Boila lenyewe linachoma makapi ya miwa ile ile iliyosagwa, kwa hiyo kusaga kukikatika, moto nao unakosa chakula, na siku ya kuanza tena inabidi watafute kuni au mafuta ya kuwashia upya. Kusimama kwa saa chache kunakula karibu siku nzima. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Miaka ya 1980 na sehemu kubwa ya miaka ya 1990 uzalishaji ulizunguka kwenye tani laki moja hivi, huku watu wakiongezeka kila mwaka.

Mabadiliko yakaja mwaka 1998, Kilombero na Mtibwa zilipobinafsishwa, kisha TPC mwaka 2000 na Kagera mwaka uliofuata. Kulikuwa na maumivu, hasa kwa wafanyakazi waliopunguzwa, na katika familia yetu kuna waliorudi nyumbani na kiinua mgongo kidogo na watoto wa kusomesha. Sitaki kupita hapo kana kwamba hayakuwapo. Lakini vipuri vilipatikana, mashamba yalipandwa upya, na tani zikapanda haraka kuliko tulivyotazamia. Kufikia mwaka 2010 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani laki tatu, yaani mara mbili na nusu au zaidi ya ile ya mwisho wa miaka ya 1990.

Huo ndio wakati mama alipoingia kwenye miwa. Kabla ya hapo alilima mpunga na mahindi. Aliona majirani waliopanda miwa wakiezeka mabati, naye akakodi trekta, akatafuta mbegu, akapanda. Bonde lote lilifanya hivyo. Wakulima wadogo ndio waliobeba sehemu kubwa ya ongezeko lile la Kilombero, jambo ambalo husahaulika watu wanaposifu uwekezaji. Mwekezaji alileta mtambo. Miwa mingi iliyoulisha mtambo ule ilitoka kwa watu wa aina ya mama yangu, wenye ekari mbili, tatu, tano, waliojiunga kwenye vyama ili wapate ratiba ya kuvuna. Na niseme hili kwa uwazi, kwa sababu nimeona njaa katika nyumba zenye miwa: familia iliyogeuza ardhi yake yote kuwa miwa ilikuwa inasubiri malipo ya msimu huku inanunua unga kwa mkopo. Mama alibakiza ekari yake ya mpunga hadi alipofariki, na sisi hatujaigusa.

Baada ya 2010 kikaja kipindi ambacho watu wa takwimu hawakizungumzii sana, na mimi nadhani ndicho kinachofundisha kuliko vyote. Kwa karibu muongo mzima uzalishaji ulikaa pale pale, ukipanda kidogo mwaka huu na kushuka mwaka ujao, ukizunguka tani laki tatu. Ardhi ilikuwapo. Wakulima walikuwapo, na Kilombero walikuwa na miwa mingi kuliko uwezo wa mitambo kusaga katika msimu mmoja. Kila mwaka kulikuwa na miwa iliyobaki imesimama wakati masika yanaingia. Muwa uliobaki hausubiri. Unazeeka, unachanua, unaanguka, na mwaka unaofuata unavunwa ukiwa na uzito mdogo na sukrosi ya chini. Mashamba mengi nayo yalikuwa ya maotea ya miaka mingi. Ukikata muwa, kisiki kinachipua tena na unavuna bila kupanda upya, na hilo ni jema kwa mfuko wa mkulima asiye na mtaji. Lakini kila mchipuo hutoa pungufu kuliko uliotangulia, na magonjwa kama fugwe yanajijenga ndani ya shina. Kupanda upya kunataka fedha ya trekta, mbegu na mbolea, zote kwa mkupuo, na mwaka mzima wa kusubiri.

Wakati tani zimekaa pale, watu hawakukaa. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Hesabu hii niliifanya dukani, nyuma ya daftari la madeni. Tani laki tatu kwa watu wa 2012 ni kilo 6.7 kwa kila mtu kwa mwaka. Msimu wa 2022/23 nchi ilifikisha takriban tani 460,000, rekodi ya kujivunia, na ukigawa kwa watu wa 2022 unapata kama kilo 7.5. Jasho lote lile la miaka kumi, mashamba mapya, kiwanda kipya cha Bagamoyo kilichoanza mwaka 2022, limemwongezea Mtanzania mmoja chini ya kilo moja kwa mwaka. Kilo 7.5 kwa mwaka ni gramu 620 hivi kwa mwezi. Familia ya watu watano inapata kilo tatu na kidogo. Wateja wangu wenye familia ya namna hiyo wananunua kilo nne, hata tano, kwa mwezi, na mwezi wa Ramadhani huzidi. Hapo sijataja soda, biskuti na juisi za viwandani, ambazo zinatumia sukari nyeupe iliyosafishwa sana, na hiyo yote inaagizwa kutoka nje.

Kwa hiyo pengo lipo hata katika mwaka mzuri, na linazibwa kwa kuagiza. Nani aagize, lini, na kiasi gani, ndipo ugomvi wote wa sukari ulipo. Ukiagiza nyingi au mapema, sukari ya nje inashusha bei wakati viwanda vina maghala yaliyojaa, na mkulima anacheleweshewa malipo. Ukiagiza kidogo au ukichelewa, muuza duka anakosa mzigo. Februari 2016 Rais Magufuli alizuia uagizaji bila kibali maalumu ili kuvilinda viwanda vya ndani. Kama mkulima nilifurahi. Mama pia alifurahi, akasema safari hii wametukumbuka. Ila kibali kiliminywa miezi ile ile ambayo viwanda vinaelekea kufungwa. Kufikia Mei sukari ilikuwa imeadimika, bei elekezi ilikuwa shilingi 1,800 kwa kilo na mimi kwa bei hiyo sikuipata hata kwa jumla. Wateja waliokuwa wananunua kilo walianza kununua robo. Nia ya kulinda kiwanda ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kalenda: kuuliza ghala lina nini leo, na masika yataisha lini.

Nilidhani 2016 ndio mwaka nitakaoukumbuka, hadi ulipofika msimu wa 2023/24.

Mvua za El Niño zilianza mapema na hazikukata. Kwa kawaida mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ni miezi ya kuvuna kwa nguvu zote, kila mtu akiwahi kabla ya masika. Safari ile udongo wa bondeni ulijaa maji hadi trekta likiingia shambani linazama kwenye ekseli. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amesimama barabarani pembeni ya miwa yetu iliyokwisha kukatwa, trela limekwama kwenye daraja dogo lililobomoka, na nyuma yake kuna foleni ya matrela mengine. "Dada, hii haifiki," aliniambia. Haikufika kwa siku nyingi. Ilipofika, sukrosi ilikuwa imeshuka kiasi kwamba baada ya makato ya kukata, kupakia na kusafirisha, tulichobakiwa nacho hakikutosha kulipa palizi ya msimu unaofuata. Majirani walikuwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa wao walikuwa wamekopa. Na upande wa kiwanda mambo yalikuwa yale yale ya mjomba, ila kwa sababu nyingine: mitambo mizima, vipuri vipo, lakini miwa haiji. Mtambo unasimama kwa kukosa miwa, unawashwa, unasimama tena.

Wiki hizo hizo nilikuwa dukani nikitafuta mzigo. Wauzaji wa jumla walianza kutoa kwa mgao, mfuko mmoja kwa duka, kisha nusu mfuko, kisha wakasema njoo kesho. Januari 2024 bei mitaani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na kuna sehemu ilifika 5,000. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa rejareja kulingana na mkoa. Natambua kwa nini walitangaza, maana kulikuwa na watu wanaonyonya wenzao. Lakini mimi wa duka dogo nilikuwa nanunua kwa jumla juu ya bei niliyotakiwa kuuzia. Niliacha kuuza sukari hadi bei ya jumla iliposhuka. Ilinilazimu kuwaeleza wateja mmoja mmoja, na hasa mama mmoja muuza chai na maandazi wa mtaani kwetu, ambaye sukari kwake ni mtaji. Alifunga meza yake wiki kadhaa. Watoto wake wanasoma kwa meza ile.

Takwimu zilipotoka baadaye, zilionyesha uzalishaji umeshuka kutoka tani 460,000 hivi hadi takriban 392,000. Ukiisoma harakaharaka utasema ni upungufu wa asilimia 15, si mkubwa sana. Nami hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Tani 68,000 ni mifuko 1,360,000 ya kilo 50, na haikupungua kidogo kidogo mwaka mzima. Ilipotea karibu yote katika miezi michache ya mwisho ya msimu, miezi ambayo viwanda vilitakiwa viweke akiba ya kutuvusha masika. Upungufu wa asilimia 15 kwa mwaka ukiuminya kwenye robo ya mwaka unakuwa karibu nusu ya mahitaji ya robo hiyo. Hivyo ndivyo tulivyoishi dukani, na ndiyo maana bei iliruka kwa kiasi ambacho takwimu ya mwaka haikuweza kukieleza.

Tangu hapo kuna mambo yamebadilika, na mengine yananipa matumaini ya kweli. Kiwanda cha Mkulazi kule Mbigiri, cha mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF na Jeshi la Magereza, kilizinduliwa Agosti 2024 na kimejengwa kwa uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka. Kilombero kuna upanuzi mkubwa uliotangazwa 2021, wa kutoka tani 127,000 hadi 271,000, na kwetu bondeni maana yake ni mitambo ya kusaga miwa ambayo zamani ilikuwa inabaki imesimama. Sheria ya Fedha ya 2024 iliipa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, jukumu la kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Hilo lilileta mabishano makali, na wenye viwanda walikuwa na hoja zao ambazo si za kubeza. Mimi nimeliunga mkono kwa sababu moja: akiba ikiwa ghalani kabla ya mwezi wa pili, hakuna mwenye haja ya kukimbizana na meli wakati watu wameshaanza kulala bila chai.

Ila ninachokiangalia zaidi ni maji. TPC ya Arusha Chini iko kwenye ardhi kavu, mvua ni chache, na miwa yake yote inamwagiliwa. Mavuno yao yanazidi tani 100 kwa hekta, yaani zaidi ya 40 kwa ekari, mara mbili ya tunachopata sisi wakulima wadogo tunaotegemea mvua. Watu huona ajabu kwamba penye mvua kidogo ndipo penye miwa bora. Aliyeuelewa muwa haoni ajabu. Wao wanaamua lini muwa unywe na lini ukaushwe ili ujaze sukari. Sisi tunaamuliwa. Bonde letu lina mito mikubwa, Ruaha Mkuu unapita katikati ya mashamba, na bado mkulima mdogo hana mfereji wa kuleta maji Septemba wala mtaro wa kuyatoa Desemba. Kwa maoni yangu mitaro ingeokoa tani nyingi za 2023/24 kuliko kiwanda kingine chochote.

Sisi kwetu tumeanza na tunachokiweza. Tumeng'oa maotea yaliyochoka kwenye sehemu ya shamba na kupanda mbegu inayokomaa mapema, ili sehemu hiyo ivunwe mwezi wa saba au wa nane na isikutwe na vuli. Kwenye chama chetu tumekubaliana kwamba kabla msimu haujafunguliwa, kila kikundi kikague makalavati ya njia zake na kuchangia kifusi, badala ya kungoja grader ambayo huja wakati mwingine na wakati mwingine haiji. Kwenye mkutano wa kukubaliana hilo mzee mmoja aliuliza kwa nini tuchange fedha kwa barabara ya serikali. Nilimjibu kwa karatasi ya malipo ya msimu wa 2023/24, nikamwonyesha mstari wa sukrosi. Alichanga.

Na kwa wanaosoma takwimu bungeni nina ombi ambalo halihitaji fedha nyingi. Tuchapishiwe tani kwa mwezi, kiwanda kwa kiwanda, pamoja na siku kilizosaga na akiba iliyopo ghalani. Viwanda vinazo hesabu hizo kila siku asubuhi. Sisi wa maduka tungejua mwezi wa kumi na mbili kwamba mwezi wa pili utakuwa mgumu, tungenunua mapema kwa kiasi, na mama wa chai angejipanga. Msimu huu nimeanza kuandika mwenyewe: nampigia mdogo wangu kila Jumapili, ananiambia kama kiwanda kimesaga wiki nzima au kimesimama, na mvua imenyesha siku ngapi. Naandika kwenye daftari la dukani, ukurasa wa mbele, na wateja wanaotaka kujua bei inaelekea wapi nawaonyesha.